Kutoka Siwindhe hadi Darasani: Umri, Sauti na Lugha katika Historia ya Kuwasomea Watoto Mbita

Utangulizi

Wahakiki wa fasihi ya watoto katika Afrika ya Mashariki wamezoea kuieleza historia ya fasihi hiyo kama safari moja iliyonyooka. Kwanza alikuwako bibi na ngano zake kando ya moto, kisha akaja mmisionari na kitabu, hatimaye mwalimu na kabati lake la vitabu vya ziada. Kwa mujibu wa maelezo hayo, kumsomea mtoto kwa sauti ni mrithi halali wa utambaji wa ngano. Kilichobadilika ni chombo tu, yaani karatasi imeshika nafasi ya kumbukumbu. Makala haya yanaupinga mtazamo huo kwa kuutazama mfano wa Mbita. Hoja inayojengwa ni kwamba mabadiliko makubwa zaidi hayakuwa ya chombo bali ya mpango wa umri: nani mwenye sauti na nani msikilizaji, ngano ipi humfikia mtoto akiwa na umri gani, na humfikia kwa lugha ipi.

Mbita ni mji mdogo ulio kwenye ufuko wa Ziwa Viktoria, katika Kaunti ya Homa Bay, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Nyanza Kusini. Mbele yake kuna kisiwa cha Rusinga, na mbele ya Rusinga kuna Mfangano. Wenyeji wa pwani hiyo na visiwa vyake kwa kiasi kikubwa ni Wasuba, watu wa asili ya Kibantu ambao wengi wao leo huzungumza Dholuo. Kiswahili na Kiingereza vimekuja juu ya lugha hizo mbili kupitia shule, soko na serikali. Ni sehemu chache nchini Kenya ambako mtoto mmoja anaweza kuwa na bibi wa lugha moja, mama wa lugha nyingine na mwalimu wa lugha ya tatu. Kwa sababu hiyo, swali la nani amsimulie au amsomee mtoto halikuwahi kuwa jambo dogo la malezi tu.

Siwindhe na hadhira ya marika mengi

Katika boma la Kiluo la zamani, siwindhe ilikuwa nyumba ya mwanamke mzee ambamo watoto walilala. Wasichana walikaa humo mpaka walipokaribia kuolewa. Wavulana walikaa wangali wadogo, kisha wakahamia upande wa wanaume. Upande huo ulikuwa na mahali pake pa mazungumzo, yaani duol, kibanda cha mwenye boma karibu na zizi la ng'ombe, ambako wavulana walikula pamoja na wazee na kusikia habari za nasaba, vita na mipaka ya ardhi. Mgawanyo huu wa siwindhe na duol umeelezwa mara nyingi kama mgawanyo wa jinsia. Ni kweli, lakini kwa mhakiki wa fasihi jambo la kuvutia zaidi ni mgawanyo ambao haukuwako. Ndani ya siwindhe watoto hawakutengwa kwa umri. Mtoto wa miaka minne na msichana wa miaka kumi na minne walilala chini ya paa moja na kusikiliza ngano moja kwa wakati mmoja.

Msomaji wa leo aliyezoea vitabu vyenye maandishi "Darasa la Pili" kwenye jalada anaweza kushangaa: iliwezekanaje ngano moja iwafae wote? Jibu linapatikana katika ngano zenyewe. Chukua ile ya Nyamgondho mwana wa Ombare, ambayo masimulizi huiweka Nyandiwa katika nchi ya Gwassi, kusini mwa Mbita kwenye pwani hiyo hiyo. Kwa mujibu wa masimulizi mengi, Nyamgondho alikuwa mvuvi maskini. Siku moja mtego wake ulimtoa ziwani mwanamke mzee asiyependeza, ambaye alimwomba asimtupe bali amchukue nyumbani. Akamchukua, na kulipokucha boma likajaa mifugo. Utajiri ukamlevya, na pombe ikamlevya zaidi. Usiku mmoja alirudi kutoka kunywa, akachelewa kufunguliwa lango, akamtukana yule mwanamke kwa kumkumbusha alikotolewa. Mwanamke akaondoka kurudi ziwani, na ng'ombe, mbuzi, kondoo na kuku wakamfuata mmoja baada ya mwingine mpaka boma likabaki tupu. Nyamgondho aliwafuata hadi ufukoni, akasimama ameegemea fimbo yake, akageuka mti.

Ngano hii haina umri mmoja. Mtoto mdogo kabisa hushikwa na msafara wa wanyama, kwa kuwa anawajua kwa majina na anaweza kuwahesabu. Mwenye miaka minane au tisa hushikwa na ajabu ya utajiri unaokuja usiku. Msichana aliye karibu kuolewa husikia habari nyingine kabisa: thamani ya mke, tusi linalovunja nyumba, na mali inayoondoka na mwanamke aliyeileta. Mvulana ambaye kesho atahamia kwa wanaume husikia habari za ulevi. Mtambaji mzoefu hakuhitaji kuandaa matoleo manne. Alihitaji kujua wapi apunguze mwendo na wapi amtazame nani.

Kuna jambo la pili, ambalo pengine ni la maana zaidi. Ngano hizo zilirudiwa. Msichana aliyeisikia habari ya Nyamgondho akiwa na miaka minne aliisikia tena akiwa na saba, na tena akiwa na kumi na mbili, huku ameketi miongoni mwa wadogo ambao kwao kila kitu kilikuwa kipya. Kwa hiyo marika mbalimbali hayakuwa hadhira mbalimbali. Yalikuwa hatua mbalimbali za msikilizaji mmoja, na kila aliyekuwamo aliweza kuona kwa macho yake alikotoka na anakoelekea. Nadharia za usomaji zinazosisitiza kwamba maana huzaliwa kati ya matini na msomaji hazina la kuwafundisha watambaji wa siwindhe katika suala hili.

Pim, mama na lugha ya Wasuba

Mwanahistoria David William Cohen aliandika katika miaka ya 1980 juu ya mwanamke mzee wa siwindhe, aitwaye pim, na baadaye yeye na E. S. Atieno Odhiambo wakaiendeleza hoja hiyo katika kitabu chao juu ya Siaya kilichotoka mwaka 1989. Wanalosisitiza ni kwamba aghalabu pim hakuwa mzaliwa wa ukoo wa boma alimoishi. Alikuja kutoka nje, na maarifa yake yalikuwa ya nje: habari za koo nyingine, nyimbo za mahali pengine, watu wa mbali ambao wasichana wangeweza kuolewa kwao. Duol ilihifadhi yale ya ukoo. Siwindhe iliingiza ya walimwengu.

Cohen na Odhiambo walikuwa wakizungumzia upande wa kaskazini wa Ghuba ya Winam. Hata hivyo, hoja yao ikivushwa ghuba hadi Mbita hupata uzito ambao wenyewe hawakuupa, kwa kuwa huku kilichoingia kwa mlango wa siwindhe hakikuwa habari tu. Kiliingia pia kwa lugha nyingine. Henry Okello Ayot, katika kitabu chake cha mwaka 1979 juu ya historia ya Waluo-Abasuba tangu mwaka 1760 hadi 1940, ameonyesha jinsi makundi ya wahamiaji kutoka upande wa Uganda yalivyokaa kwenye visiwa na pwani hii na hatua kwa hatua yakachanganyika na Waluo. Miongoni mwa sababu zinazotajwa na watafiti wa lugha kwa kufifia kwa Kisuba, ndoa ina nafasi ya mbele: wanaume wa Kisuba walioa wanawake wa Kiluo, na watoto wakachukua lugha ya mama zao.

Maelezo hayo ni sahihi, lakini yanaposema "lugha ya mama" yanapita haraka mno. Mtoto hafundishwi lugha kwa kuamriwa kuchota maji. Huifundishwa pia, na pengine zaidi, na saa ile ya jioni ambapo lugha inatumika kwa ajili ya raha yake yenyewe, katika wimbo, kitendawili na ngano. Mwanamke wa Kiluo aliyeolewa Rusinga alikuja na ngano zake, na alipozeeka akawa bibi wa siwindhe, akazitamba kwa Dholuo kwa wajukuu waliokuwa Wasuba kwa nasaba. Duol iliweza kuendelea kutaja majina ya mababu wa Kisuba. Watoto walishakuwa wanacheka kwa Dholuo. Franz Rottland na Duncan Okoth Okombo, waliowachunguza Wasuba katika miaka ya 1980, waliieleza hali hiyo kuwa ni ya utambulisho wa kabila unaokua huku umilisi wa lugha ukipungua. Katika sensa ya mwaka 2019 watu zaidi ya 150,000 walijitambulisha kuwa Wasuba. Wanaoweza kumtambia mtoto ngano kwa Kisuba ni sehemu ndogo ya idadi hiyo, na Mfangano ndiko lugha ilikodumu zaidi.

Funzo la kihistoria hapa ni gumu kidogo kwa wale wanaopenda kuisifu fasihi simulizi kama ngome ya lugha za asili. Pwani ya Mbita, utambaji wa ngano kwa watoto wadogo ulikuwa mojawapo ya njia ambazo lugha moja iliiondoa nyingine, bila shule, bila sheria na bila kitabu hata kimoja.

Josomo: wadogo wawasomea wakubwa

Kitabu kilifika upande huu mwanzoni mwa karne ya ishirini. Waadventista Wasabato walianzisha kituo chao Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, na madhehebu mengine yakafuata katika eneo zima. Agano Jipya kamili kwa Dholuo lilitoka mwaka 1926, na Biblia nzima mwaka 1953. Waliojiunga na misheni waliitwa josomo, yaani wasomaji. Shina la neno hilo ni lile lile la Kiswahili, soma, na Buganda nako Wakristo wa kwanza waliitwa kwa jina la namna hiyo hiyo. Kusoma na kusali vilikuwa tendo moja, na tendo hilo lilikuwa la sauti. Katika hili misheni haikutofautiana sana na chuo cha Kurani cha pwani ya Waswahili, ambako mtoto hahesabiwi kuwa anasoma mpaka asikike.

Aliyekuwa akisoma kwa sauti mara nyingi alikuwa kijana. Wazee hawakwenda shule. Waliwapeleka watoto, wakati mwingine wale ambao boma lilidhani linaweza kuwakosa. Kijana huyo aliporudi na kitabu, ndiye aliyewasomea wakubwa Injili, barua kutoka kwa ndugu walioajiriwa mijini, na baadaye matangazo ya serikali. Katika siwindhe sauti ilishuka kutoka kwa mzee kwenda kwa mtoto. Kwa josomo ilipanda. Mgeuko huu haujapewa uzito unaostahili katika historia ya fasihi ya watoto, kwa kuwa wahakiki huanza na vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya watoto, na kizazi cha josomo hakikuwa navyo vya kutosha. Kilikuwa na watoto waliosoma vitabu vya wakubwa, mbele ya wakubwa.

Zilikuwako nyumba ambamo sauti zote mbili zilikutana. Mfano unaojulikana zaidi hautoki Mbita bali ng'ambo ya ghuba, Asembo, alikozaliwa Grace Ogot mwaka 1930. Baba yake alikuwa mwalimu katika shule ya wasichana ya misheni ya Kianglikana ya Ng'iya, na kwake binti alipata hadithi za Agano la Kale. Kwa bibi yake alipata ngano za Kiluo. Hadithi yake fupi "The Rain Came", iliyochapishwa katika miaka ya 1960, ni ya binti wa mtawala anayetolewa sadaka ziwani ili mvua inyeshe, na ndani yake ngano ya bibi na sadaka za Agano la Kale zinasikika pamoja bila kugombana. Lakini Ogot aliiandika kwa Kiingereza. Ilimchukua miaka ishirini kutoa riwaya kwa Dholuo, Miaha, mwaka 1983, na riwaya hiyo ikafasiriwa kwa Kiingereza na Okoth Okombo, huyo huyo mchunguzi wa Kisuba, mwaka 1989.

Shule na kupandishwa kwa ngano

Baada ya uhuru, suala la kuwasimulia watoto liliingia katika maandishi ya serikali. Tume ya Elimu iliyoongozwa na Simeon Ominde mwaka 1964 iliunga mkono Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza, jambo ambalo mpango wa Mbinu Mpya ya Shule za Msingi ulikuwa umekwisha kulianza katika miaka ya mwisho ya ukoloni. Hata hivyo, tume hiyo hiyo ilipendekeza kuwe na kipindi cha kila siku cha kusimulia hadithi kwa lugha za nyumbani katika madarasa matatu ya kwanza. Pendekezo hili linastahili kusomwa kwa uangalifu. Lugha ya nyumbani haikupewa hesabu, wala sayansi, wala jiografia. Ilipewa hadithi, na kwa watoto wadogo tu. Siwindhe iliingizwa shuleni kwa mlango wa nyuma, ikapewa kipindi kimoja na ikaambiwa iondoke mtoto anapofika darasa la nne.

Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilienda mbele zaidi kwa kupendekeza lugha ya eneo itumike kufundishia katika miaka mitatu ya kwanza, na Taasisi ya Elimu ya Kenya ikawa na mfululizo wa vitabu uliojulikana kama Tujifunze Kusoma Kikwetu, kwa lugha mbalimbali, Dholuo ikiwa mojawapo. (Kwamba mfululizo wa vitabu vya lugha za nyumbani ulipewa jina la Kiswahili ni kichekesho ambacho hakijaonekana kumsumbua mtu.) Kwa Mbita, maneno "lugha ya eneo" yalikuwa na mtego. Yalimaanisha Dholuo. Mtoto wa Mfangano ambaye bado alikuwa na Kisuba nyumbani alisomewa shuleni "kikwetu" ambacho hakikuwa chake, na harakati za kukiingiza Kisuba shuleni zilipata nguvu katika miaka ya 1990 tu, wakati ambapo bibi wengi wenye lugha hiyo walikuwa wamekwisha kufariki.

Kitabu cha shule kilileta pia mpango mpya wa umri. Kitabu cha darasa la pili husomwa katika darasa la pili. Mwaka ukiisha hurudishwa kabatini, na mtoto hakutani nacho tena isipokuwa akikariri darasa, jambo la aibu. Kurudia, kulikokuwa roho ya siwindhe, kuligeuka kuwa dalili ya kushindwa. Asenath Bole Odaga aliliona tatizo hili kutoka pande nyingi kuliko mwandishi mwingine yeyote wa eneo hili. Aliandika vitabu vya watoto tangu miaka ya 1960, akakusanya ngano katika Thu Tinda! mwaka 1980, akaandika uchunguzi wa fasihi ya watoto na vijana nchini Kenya mwaka 1985, na kuendesha duka la vitabu mjini Kisumu lililobeba jina lile lile la Thu Tinda, maneno ambayo mtambaji wa Kiluo hufungia ngano. Si rahisi kupata mtu mwingine aliyekuwa mtambaji, mwandishi, mhakiki na muuza vitabu kwa wakati mmoja.

Lakini kitabu chake kilichofika mbali zaidi shuleni pengine ni kile alichokiandika pamoja na S. Kichamu Akivaga mwaka 1982, juu ya fasihi simulizi kwa wanafunzi wa sekondari. Mkutano wa walimu wa fasihi uliofanyika Nairobi mwaka 1974 ulikuwa umedai fasihi ya Kiafrika iwe kiini cha masomo, na fasihi simulizi ikapata nafasi yake katika mtihani. Huo ulikuwa ushindi wa kweli, na si nia ya makala haya kuupunguza. Ila matokeo yake kwa mpango wa umri hayakutarajiwa. Ngano iliyokuwa ya mtoto wa miaka minne kwa Dholuo ilipanda hadi kwa mwanafunzi wa miaka kumi na sita kwa Kiingereza. Alifika kwake ikiwa na maswali chini ya ukurasa: taja sifa mbili za mhusika, eleza matumizi ya kiitikio. Mwanafunzi wa Mbita angeweza kukutana na Nyamgondho kwa mara ya kwanza akiwa amekwisha kufikia umri ambao zamani angekuwa ameisikia ngano hiyo mara kumi na kuanza kuwasahihisha wadogo.

Nafasi iliyoachwa wazi chini, ya watoto wadogo, ilijazwa na lugha nyingine. Mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima na la mtihani katika shule za msingi. Mradi wa Tusome ulioanza mwaka 2015 ukapeleka vitabu vya Kiswahili na Kiingereza katika madarasa matatu ya mwanzo nchini kote, ukamtaka mwalimu asome hadithi kwa sauti, asimame, aulize watoto wanadhani kitatokea nini, kisha aendelee. Mbinu hiyo ni nzuri. Mwanamke mzee wa siwindhe angeitambua mara moja. Kwa wapenzi wa Kiswahili ni furaha pia kwamba mtoto wa ufuko wa Ziwa Viktoria anasomewa kwa lugha ya taifa akiwa na miaka sita. Furaha hiyo inapaswa kuendana na kumbukumbu ya Rusinga. Lugha inayomchekesha mtoto jioni, au asubuhi darasani, ndiyo itakayokaa, na Kiswahili sasa kinaketi mahali alipoketi bibi wa Kiluo miongoni mwa Wasuba.

Tofauti moja inabaki. Bibi yule alikuwa na watoto wa marika yote mbele yake. Mwalimu wa darasa la kwanza ana rika moja. Mtaala ulioanza kufanyiwa majaribio mwaka 2017 unaruhusu tena lugha za kiasili katika madarasa ya chini, lakini nao umepangwa kwa gredi. Mahali pekee ambapo marika bado huchanganyika ni nyumbani, na katika nyumba nyingi za Mbita, ambako UKIMWI uliwaondoa wazazi wengi tangu miaka ya 1980 na kuwaachia bibi kazi ya kulea, mwenye nyumba ni bibi kama zamani. Msomaji aliyemo ni mjukuu. Anarudi na hadithi aliyosomewa kwa Kiswahili, na ikiwa ataisimulia, ataisimulia kwa Dholuo kwa mdogo wake asiyeanza shule, huku bibi akisikiliza. Kwenye baadhi ya nyumba za Mfangano, bibi huyo ndiye peke yake chumbani anayejua namna ambavyo hadithi hiyo ingesemwa kwa Kisuba.